Kuuona Moyo wa Panya Bila Kumpasua

Mgonjwa mwenye moyo uliodhoofika anapofika kliniki, humlaza kwa ubavu wa kushoto, tukampaka jeli kifuani na kuutazama moyo wake kwa mashine ya ultrasaundi. Tukitaka kujua kama dawa inamsaidia, tunampima tena baada ya miezi kadhaa. Panya wa maabara, ambaye dawa nyingi hujaribiwa kwake kabla hazijamfikia binadamu, kwa muda mrefu hakuwa na nafasi hiyo. Mara nyingi mtafiti aliyetaka kujua hali ya moyo wake alilazimika kumuua kwanza. Ultrasaundi ya masafa ya juu imebadili hali hiyo.

Kwa nini mashine ya hospitali haitoshi

Mashine hutuma mawimbi ya sauti mwilini, na mwangwi unaorudi kutoka kwenye mipaka ya tishu hugeuzwa kuwa picha. Udogo wa kitu kinachoweza kuonekana hutegemea urefu wa wimbi. Katika tishu laini, sauti husafiri takribani mita 1,540 kwa sekunde. Kwa masafa ya megahezi 3, yanayofaa moyo wa mtu mzima, kila wimbi huwa na urefu wa nusu milimita hivi. Ukuta wa moyo wa panya una unene wa takribani milimita 1 tu. Kuupima kwa wimbi hilo ni kama kupima unene wa karatasi kwa rula ya mwanafunzi.

Masafa yakipandishwa hadi megahezi 40, wimbi hufupika hadi takribani milimita 0.04, na ukuta huo huonekana wazi. Hata hivyo, kadiri masafa yanavyopanda ndivyo tishu zinavyoifyonza sauti upesi, na picha haivuki kina cha sentimita moja au mbili. Kina hicho hakitoshi kwa kifua cha binadamu mzima, lakini kwa panya wa gramu 25 kinatosha.

Liko pia suala la kasi. Moyo wa panya hupiga mara 500 hadi 600 kwa dakika, hivyo pigo moja huchukua takribani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mashine inayopiga picha 30 kwa sekunde ingepata picha tatu tu katika pigo zima. Ndiyo maana mashine za utafiti hupiga mamia ya picha kwa sekunde.

Mnyama yuleyule, tangu mwanzo hadi mwisho

Tuchukue mfano wa jaribio la dawa baada ya mshtuko wa moyo, lenye vipindi vitano vya kupima na panya wanane kwa kila kipindi. Ikiwa kila kipimo kinadai kifo, watahitajika panya 40 kwa kila kundi. Wakipimwa kwa ultrasaundi, panya wanane waweza kufuatiliwa tangu mwanzo hadi mwisho. Aidha, kila panya hulinganishwa na hali yake mwenyewe ya awali, hivyo tofauti za kimaumbile baina ya mnyama mmoja na mwingine hazipotoshi matokeo kwa urahisi.

Mwaka 1959 wanasayansi Russell na Burch wa Uingereza waliweka misingi mitatu ya utafiti wa wanyama: kutumia njia mbadala pale inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kuboresha taratibu ili kupunguza mateso. Ultrasaundi huitumikia misingi miwili ya mwisho. Haiondoi kabisa haja ya kuchunguza tishu kwa hadubini mwishoni mwa utafiti.

Pale picha inapodanganya

Panya hunyolewa manyoya kifuani, kwa kuwa hewa iliyonaswa humo huzuia sauti. Hupewa dawa ya usingizi, kwa kawaida isoflureni ya kuvuta, kisha hulazwa juu ya meza yenye joto. Hatua hizi mbili za mwisho ndizo zenye hatari kubwa kwa ukweli wa matokeo. Usingizi ukizidi, au mwili ukipoa, mapigo hushuka na moyo wenye afya huonekana dhaifu. Ikiwa kundi lisilopewa dawa ya majaribio litalazwa usingizi mzito kuliko lile lililopewa, dawa isiyo na faida yoyote itaonekana kama tiba.

Kwa hiyo, msomaji anayepitia utafiti wa namna hii atazame mambo matatu kabla ya kuamini kielelezo chochote. Je, mapigo ya moyo wakati wa kupima yametajwa, na yalilingana katika makundi yote? Je, joto la mwili lilidhibitiwa? Je, aliyepima picha alifichwa asijue panya yupi alipewa dawa? Majibu yakikosekana, wanyama hao huenda walitumika bure, na mgonjwa atakayepewa dawa hiyo baadaye hana ulinzi tuliodhani tumempa.