Wazigua wa Kwenye Theluji

Katika mji wa Boise, jimbo la Idaho nchini Marekani, mwezi Januari kipimajoto hushuka chini ya sifuri karibu kila usiku. Ni msimu ambao Korogwe inachemka kwa joto na wakulima wa Handeni wanayatazama mahindi yao ya vuli. Huko Boise, katikati ya baridi hiyo, wapo wazee wanaozungumza Kizigua. Wataalamu wa lugha wa Chuo Kikuu cha Boise State wamekuwa wakikaa nao na kuandika lugha yao. Mzigua wa Sindeni, wilayani Handeni, akiwasikiliza ataelewa mengi, ingawa hapa na pale litachomoza neno la Kisomali.

Wazee hao hawakutoka Handeni. Walizaliwa katika bonde la mto Juba, kusini mwa Somalia. Waliotoka Handeni ni mababu zao, na hilo lilitokea karibu miaka 190 iliyopita.

Kilichowaondoa ni njaa. Katika miaka ya 1830 mvua ziliikimbia nchi ya Uzigua, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Handeni, Kilindi, sehemu za Korogwe na wilaya jirani. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula. Wapo waliojiweka rehani wenyewe, na wapo waliowaweka rehani watoto wao ili wapate nafaka. Masimulizi ya wazee yanasema walitokea wafanyabiashara waliowaambia kwamba ng'ambo kuna kazi na chakula tele, watafanya kibarua kisha watarudi kwao. Wakapanda vyombo. Waliposhushwa kwenye bandari za Benadiri, pwani ya Somalia, kama Barawa na Marka, wakakuta wamekwisha kuuzwa.

Mtaliano Vinigi Grottanelli aliyaandika masimulizi ya Wazigua hao mwaka 1953, na baadaye mwenzake Francesca Declich akayachimba zaidi, hasa kwa kuwasikiliza wanawake. Katika simulizi hizo linajirudia jina la Wanakhucha, mwanamke mwenye kipawa cha kuona mambo, aliyewaongoza wenzake kutoroka. Walikusudia kurudi Uzigua kwa miguu. Hawakufika. Walisimama kwenye misitu ya mto Juba, mahali palipokuja kuitwa Gosha, wakafyeka, wakalima, wakapokea watumwa wengine waliotoroka, wakiwemo Wayao, Wamakua na Wanyasa. Kizigua wakakihifadhi kwa vizazi vyote hivyo.

Ni vema kulitazama jambo hili kwa jicho la mtu anayehama nyumba. Kuna siku ya kufunga mizigo, kuna njia, halafu kuna kufika. Wazigua wa Juba walifunga mizigo, wakaingia njiani, na kufika kukawashinda kwa karne moja na nusu.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilianguka. Watu wa Gosha walikuwa na ardhi yenye rutuba na maghala yenye nafaka, lakini hawakuwa na koo zenye bunduki za kuwalinda. Vikosi vya wapiganaji vilipora, vikaua, vikabaka. Waliosalimika walikimbilia Kenya: wengi wakaishia kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, na wengine wakashukia Mombasa na Marafa, karibu na Malindi. Lipo kundi moja lililoendelea kusini hadi likaingia Tanzania.

Kundi hilo lilipelekwa kambi ya Mkuyu, wilayani Handeni. Wenyeji wakasikia wageni wakizungumza Kizigua. Kilikuwa Kizigua cha zamani kidogo, chenye maneno ambayo vijana wa Handeni walikuwa wameyaachia Kiswahili, lakini kilieleweka. Mkimbizi wa kawaida huanza maisha mapya akiwa bubu sokoni. Hawa walianza wakiwa na uwezo wa kubishana bei.

Mwaka 2003 walihamishiwa Chogo, makazi mapya katika wilaya hiyo hiyo, ambako walipewa mashamba ya kulima. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisaidia kuleta shule, huduma za afya na maji. Kufikia mwaka 2009 watu wa Chogo, jumla yao wakiwa wapatao 3,000, walikuwa wameanza kupokea uraia wa Tanzania. Safari ya kurudi iliyoanzishwa na Wanakhucha ilifungwa kwa muhuri wa serikali, si mbali na mahali njaa ilipowaondoa mababu zao.

Lakini waliofika ni wachache. Wengi walibaki Dadaab. Tanzania iliombwa iwapokee nao, na mwanzoni ilionyesha nia. Ikaja Aprili 1994, ambapo Wanyarwanda wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Nchi iliyokuwa na mzigo huo mabegani haikuweza kuongeza mwingine, na mpango ukafa. Msumbiji nayo, ambako baadhi yao wana asili, ikatajwa kisha ikajitoa. Mwaka 1999 Marekani ikasema itawachukua watu hao, waliokwisha kujulikana kama Wabantu wa Somalia.

Hapo ndipo theluji inapoingia katika habari hii.

Mwaka 2002 watu wapatao 12,000 walipandishwa mabasi kutoka Dadaab hadi kambi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, safari ya kilomita kama 1,500, kwa sababu Dadaab ilionekana si salama kwa maofisa wa Marekani waliotakiwa kuwahoji. Kakuma walifundishwa maisha ya wanakokwenda: jiko la umeme linavyowashwa, choo cha kuvuta maji kinavyotumika, ngazi zinavyopandwa, theluji ni kitu gani. Waliofundishwa walikuwa wakulima ambao wengi wao hawakuwahi kuishi kwenye nyumba yenye umeme. Ndege za kwanza ziliondoka mwaka 2003, na waliosalia wakafuata katika miaka michache iliyofuata.

Msomaji asidhani walibebwa bure. Nauli ya ndege ya mkimbizi aliyehamia Marekani ilikuwa mkopo, naye alitakiwa kuulipa kidogo kidogo akishaanza kazi. Shirika lililompokea lilimtafutia nyumba, samani za lazima na makoti, lilimwandikisha mtoto shule, na kazi hiyo ya mwanzo ilipangiwa siku 90 tu. Baada ya hapo alitakiwa ajitegemee. Mtu aliyeshuka Novemba alizimaliza siku hizo Februari, theluji ikiwa bado imelala mlangoni.

Kwa aliyezoea kuhama kwa fuso kutoka Korogwe kwenda Handeni, ambako shida kubwa ni vumbi na kamba kulegea, kuhama wakati wa baridi kali kunahitaji maelezo. Kwanza, njia ya kutoka barabarani hadi mlangoni hupotea usiku mmoja, na lazima mtu aichimbe kwa koleo kabla hata godoro moja halijashushwa. Ngazi za nje huwa na barafu nyembamba isiyoonekana, ambayo huyeyushwa kwa kumwagiwa chumvi. Nyumba iliyokaa tupu bila kuwashwa moto ni hatari: maji huganda ndani ya mabomba, mabomba hupasuka. Kwa hiyo lazima mtu atangulie, awashe mashine ya joto, ahakikishe tangi la mafuta halijakauka. Katika jimbo la Maine nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta, na bili yake humtisha hata mwenyeji. Gari nalo haliachwi popote, maana katika miji mingi ya huko magreda ya theluji yakitoka usiku, lililoegeshwa barabarani huvutwa na mwenyewe akatozwa faini.

Hakuna darasa la Kakuma ambalo lingeweza kumkalisha mtu akayaelewa hayo yote. Anayeyafundisha ni jirani, au ndugu aliyekwisha kupitisha baridi moja.

Na hapo mpango wa Marekani ulikuwa na kasoro. Ili mji mmoja usielemewe, watu hawa walitawanywa katika miji ipatayo 50. Katika baadhi ya sehemu hawakutakiwa hata kabla hawajafika: Holyoke, Massachusetts, na Cayce, South Carolina, zilipinga waziwazi. Kwenye karatasi kuwatawanya kulionekana ni busara. Kwa watu wanaolima, wanaolea na wanaouguzana kwa pamoja, kulikuwa ni kuwavunja mara ya pili. Mama mwenye watoto sita katika ghorofa ya mji asioujua, mume akiwa kazini zamu ya usiku, alikuwa na simu lakini hakuwa na wa kumbishia hodi.

Wakafanya jambo ambalo hakuna ofisi iliyolipanga: walihama tena. Kuanzia mwaka 2005 hivi familia zilianza kuacha miji zilikopangiwa na kwenda Lewiston, mji mdogo wa viwanda vya zamani vya nguo huko Maine, kwenye mto Androscoggin. Kwa hali ya hewa ni uamuzi wa ajabu, kwani wapo waliotoka kwenye majimbo ya joto kwenda kwenye baridi ambayo usiku wa Januari hufika nyuzi 10 chini ya sifuri na kuzidi. Walichokifuata ni kodi nafuu, mitaa yenye utulivu, shule, na zaidi ya yote watu wao. Wengi wa Lewiston huzungumza Kimaay, lugha ya kusini mwa Somalia, kuliko Kizigua, lakini ni jamii moja iliyolima bonde moja.

Mwanaanthropolojia Catherine Besteman anaifahamu habari hii kwa namna ya pekee. Mwaka 1987 na 1988 aliishi katika kijiji cha Banta, kwenye bonde la Juba, akifanya utafiti. Vita vilipoanza alipoteza habari za wenyeji wake. Miaka mingi baadaye, akiwa anafundisha Chuo cha Colby huko huko Maine, akagundua kwamba watu wa Banta wamehamia Lewiston, mwendo wa saa moja tu kutoka kazini kwake. Mwaka 2016 alitoa kitabu juu yao, Making Refuge.

Mji wenyewe haukuwa umeungana. Wasomali wengine walikuwa wametangulia kuhamia huko tangu 2001, na Oktoba 2002 meya aliandika barua ya wazi akiwaomba wapunguze kasi ya kuja. Barua hiyo iliwavuta wabaguzi wa rangi kutoka nje, wakaitisha mkutano Januari 2003, siku ya baridi kali. Waliohudhuria walikuwa kama thelathini. Siku hiyo hiyo, upande mwingine wa mji, katika Chuo cha Bates, maelfu ya watu walikusanyika kuwaunga mkono wageni. Wabantu wa Somalia walipoanza kuingia, walikuta ugomvi huo umekwisha kupiganwa na wengine kwa ajili yao.

Handeni yenyewe imeendelea kuwa wilaya ya kupokea wanaohama. Juni 2022, kipupwe kikiwa kimeanza, malori yalianza kuleta kaya za Wamaasai kutoka Ngorongoro hadi kijiji cha Msomera, mwendo wa kilomita kama 600. Kila kaya iliandaliwa nyumba ya vyumba vitatu na ardhi. Serikali inasema walijiandikisha kwa hiari. Watetezi wa haki za binadamu, pamoja na Human Rights Watch katika ripoti ya Julai 2024, wanasema huduma za Ngorongoro zilibanwa hadi watu wakakosa la kuchagua, na kwamba wakazi wa awali wa Msomera walilalamika ardhi yao kugawiwa wageni. Mvutano huo haumalizwi na makala moja. Lakini aliyezitazama Chogo na Msomera ataona tofauti: Chogo wenyeji walianza kwa kuulizana ukoo, Msomera baadhi yao walianza kwa kuulizana mipaka.

Huko Lewiston walioyazoea maisha walirudi kwenye walichokijua. Mwaka 2014 chama cha jamii ya Wabantu wa Somalia kilianzisha mradi wa kilimo uitwao Liberation Farms, ambao baadaye ulipata ardhi ya zaidi ya ekari 100 katika mji jirani wa Wales. Wanalima mahindi magumu ya kusaga na mboga, kila kikundi kikifanya kazi yake kwa pamoja, mtindo ambao mtu wa Korogwe aliyewahi kuitwa kwenye msaragambo hahitaji kuelezwa. Msimu wa kulima ni mfupi, kuanzia Mei hadi Oktoba. Miezi mingi iliyobaki ardhi huwa imeganda.

Leo wapo vijana wa Tanga wanaokwenda Canada na nchi za Ulaya kwa masomo au kufuata wenza wao, na baadhi ya tarehe za kuripoti huangukia Januari. Mwenye ndugu anayejiandaa asiishie kumnunulia koti Kariakoo. Makoti ya huko yanauzwa huko, tena yanafaa zaidi. Amsaidie kupata majibu ya maswali matatu kabla tiketi haijakatwa: nani atamsubiri uwanja wa ndege, nani atakuwa amewasha joto ndani ya nyumba siku hiyo, na nani anaishi jirani wa kumpigia simu theluji ikiziba mlango. Asipokuwepo wa kujibu, na tarehe ikikubali kusogezwa, aondoke Mei.