Askofu, hesabu na swali la Ngidi

Njiwa 88 kwa siku, kwa kila kuhani. Hiyo ndiyo hesabu aliyoitoa Askofu John William Colenso wa Natal baada ya kukaa na Mambo ya Walawi, kalamu mkononi. Mwanamke aliyejifungua alitakiwa kuleta ndege wa sadaka ya dhambi, na makuhani ndio waliopaswa kuila nyama ya sadaka hiyo. Askofu akakadiria kwamba katika kambi ya Waisraeli jangwani walizaliwa watoto 264 kila siku. Makuhani walikuwa watatu tu: Haruni na wanawe, Eleazari na Ithamari. Gawanya.

Hakuishia kwa njiwa. Biblia inasema mkutano wote ulikusanyika mlangoni pa hema. Colenso akachukua wanaume wazima peke yao, 603,550, akawapanga tisa tisa kwa upana wa hema, na mstari ukafika karibu maili 20. Akahamia kwa wazaliwa wa kwanza wa kiume, 22,273. Ili idadi hiyo ilingane na taifa kubwa namna ile, kila mama angehitaji kuzaa wana 42 kwa wastani.

Ukisoma kurasa hizo unaweza kudhani mwandishi ni mpagani mwenye kejeli. Sivyo. Alikuwa mwalimu wa hisabati ambaye vitabu vyake vilisomwa katika shule za Uingereza, kisha akawekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1853. Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa UMCA, misheni inayofahamika sana Zanzibar na Masasi, aliwahi kuwa msaidizi wake kule Natal.

Hesabu hizi hazikuanzia Oxford wala Cambridge. Zilianzia Ekukhanyeni, karibu na Pietermaritzburg, askofu alipokuwa akitafsiri Biblia kwa Kizulu pamoja na msaidizi wake Mzulu, William Ngidi. Kutafsiri hakuna mteremko: hakuna mstari unaorukwa, na mwenzako anasubiri uhakika. Walipofika kwenye gharika, Ngidi akauliza kama kweli mambo yote yale yalitokea. Wanyama wote, wa nchi za joto na za baridi, waliingia safinani wawili wawili? Na Nuhu alikusanya chakula cha wote, hata cha wala nyama?

Colenso alikuwa amesoma jiolojia, na jibu alikuwa nalo. Anasimulia kwamba moyo wake ulimkumbusha maneno ya nabii juu ya kusema uongo kwa jina la Bwana. Hakuthubutu kusema uongo huo.

Kisha wakafika Kutoka, sura ya 21. Bwana akimpiga mtumwa wake, na mtumwa akakaa siku moja au mbili kabla ya kufa, bwana haadhibiwi, kwa kuwa mtumwa ni mali yake. Askofu anaandika kwamba msaidizi wake Mzulu, Mkristo mwenye akili nyingi, alichukizwa mno kusikia kwamba hayo yalisemwa na Mungu yuleyule aliyekuwa akifundishwa kumtumaini. Hapo hakuna njiwa wa kuhesabu. Shaka hii ni ya aina nyingine kabisa, na huenda ndiyo iliyouma zaidi.

Sehemu ya kwanza ya kitabu chake chenye hesabu hizo ilitoka 1862. Mwaka uliofuata Robert Gray, askofu wa Cape Town, alimhukumu na kumvua uaskofu. Mwaka 1865 Baraza la Faragha la Malkia likasema hukumu ile haikuwa na nguvu kisheria. Vurugu hizo zilichangia kuitishwa kwa mkutano wa kwanza wa maaskofu wa Kianglikana huko Lambeth, 1867. Colenso mwenyewe hakuacha kuhubiri. Alimtetea chifu Langalibalele, akapinga vita dhidi ya Wazulu ya mwaka 1879, na watu wakamwita Sobantu, yaani baba wa watu, hadi alipofariki 1883.

Na Ngidi? Maswali yake yametufikia kupitia kalamu ya askofu. Colenso anasema alimpa jibu la kumridhisha kwa wakati ule, bila kumvunjia imani yake katika Biblia kwa jumla. Baada ya wakati ule, je?