Aanze Januari au Asubiri? Mtoto Mwenye Selimundu na Darasa la Awali

Kila ifikapo Novemba, wazazi wengi wanaohudhuria kliniki yetu ya selimundu huja na swali moja: mtoto aanze darasa la awali Januari, au asubiri? Mwaka juzi mama mmoja alikuja na swali hilo akiwa amefuatana na mama mkwe wake. Binti yao alikaribia kutimiza miaka minne. Mama alitaka aanze. Bibi, baada ya kuitikia shikamoo yangu, alisema waziwazi: "Daktari, huyu tunamlea kama yai. Mwaka huu amelazwa mara mbili. Huko shuleni nani atamwangalia?"

Hofu ya bibi ilikuwa na msingi. Selimundu ni ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hujipinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo na kufa mapema. Matokeo yake ni upungufu wa damu, maumivu makali, na bandama isiyoweza kumkinga mtoto ipasavyo dhidi ya vijidudu. Miaka mitano ya mwanzo ina hatari kubwa ya maambukizi mazito, nayo ndiyo miaka ya chekechea. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini Tanzania kila mwaka. Hivyo swali la familia hii ni swali la maelfu ya familia.

Zamani nilikuwa na jibu la haraka: "Asubiri kwanza apate nguvu." Nilimpa mzazi mmoja jibu hilo pasipo kumwambia asubiri hadi lini. Mtoto alikaa nyumbani mpaka alipotimiza miaka minane. Alipoingia shule aliketi na watoto wa umri wa mdogo wake, hajui kushika penseli, na hajapata kucheza na mtoto asiye ndugu yake. Ugonjwa haukumfanyia hayo. Ushauri wangu ndio uliomfanyia. Selimundu ni ya kudumu kwa walio wengi, na anayengoja iishe ndipo asome hangoji chochote.

Kwa hiyo siku hizi siulizi kama mtoto ni mzima. Nauliza mambo mawili: je, hali yake imetulia, na je, shule imeandaliwa?

Upande wa mtoto

Hali imetulia ikiwa mtoto anahudhuria kliniki, amekamilisha chanjo zake, ikiwamo ya nimonia, na anapata kila siku dawa alizoandikiwa, hasa penisilini ya kinga ambayo kwa kawaida hutolewa hadi miaka mitano. Kama anatumia haidroksiurea, vipimo vyake vya damu vifuatiliwe.

Zipo sababu za kweli za kuahirisha: mtoto ametoka wodini hivi karibuni, bandama yake imevimba ghafla, amepata kiharusi, au bado hajaanzishiwa matibabu. Hata hapo, kuahirisha kuwe na tarehe: wiki sita, au muhula mmoja, kisha tathmini mpya. Kusubiri kusiko na tarehe ni kumfungia mtoto mlango.

Upande wa shule

Mzazi aende kuzungumza na mwalimu kabla ya siku ya kwanza, wala asifiche ugonjwa. Mwalimu hahitaji kuwa muuguzi. Anahitaji kujua mambo machache:

Mtoto anywe maji mara kwa mara na aruhusiwe kwenda chooni kila anapoomba. Figo zake hutoa mkojo mwingi. Akijikojolea asiadhibiwe wala kuchekwa. Asilazimishwe kukimbia akichoka, avae sweta wakati wa baridi, na asikae juani muda mrefu. Macho yake yakiwa ya njano, wenzake hawataambukizwa kitu.

Mzazi apigiwe simu mara moja, na mtoto apelekwe hospitali bila kuchelewa, akiwa na homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, akipumua kwa shida, akipauka ghafla au tumbo likivimba, akiwa na maumivu yasiyotulia, au akilegea upande mmoja wa mwili, hata kama udhaifu huo utapita. Homa ya mtoto huyu si ya kumpa panadoli na kumlaza kwenye mkeka.

Mwalimu pia hutusaidia sisi madaktari. Baadhi ya watoto wenye selimundu hupata kiharusi kisichoonyesha dalili za wazi, nacho hudhoofisha umakini na kumbukumbu. Mara nyingi anayegundua kwanza kuwa mtoto amerudi nyuma ni yule anayemwona akiimba namba pamoja na wenzake.

Kwa wahudumu wenzangu

Mtoto akitimiza miaka mitatu, tuulize kuhusu shule kama tunavyouliza kuhusu homa. Kwa ridhaa ya mzazi, tumwandikie mwalimu barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, yenye dalili za hatari na namba ya simu ya kliniki. Barua hiyo huchukua dakika kumi.

Yule binti alianza Januari, kwa saa mbili kila siku katika mwezi wa kwanza. Machi mwalimu alipiga simu: mtoto ana homa. Ndani ya saa moja alikuwa kwetu. Alikuwa na nimonia, akalazwa siku nne. Nilitarajia bibi aniambie kwamba alinionya. Siku ya kuruhusiwa aliniuliza swali jingine: "Daktari, Jumatatu aende, au tumpe wiki nzima?"

Tulikubaliana wiki nzima, na tukaandika tarehe ya kurudi shuleni kwenye kadi yake.