Mkanda Uliooza na Chelo Inayolia

Askari aliyefundishwa habari za baruti anajua kwamba pamba ikitiwa katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki na ya salfa hugeuka kilipuzi. Ni wachache wajuao kwamba mikanda ya sinema ya zamani ilitengenezwa kwa kitu cha ukoo huo huo. Mkanda wa nitrati ukishika moto huendelea kuwaka hata majini. Na usipoungua huoza polepole, picha zikatoka malengelenge, mwisho zikawa unga. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilipigwa picha kwa mikanda ya namna hiyo.

Bill Morrison, mtengenezaji filamu wa Marekani, ameichukua mikanda hiyo kuwa kazi ya maisha yake. Mwaka 2014 alitoa filamu ya dakika 40 hivi iitwayo Beyond Zero: 1914–1918. Yeye mwenyewe hakwenda na kamera popote. Alichagua vipande vya vita ile katika hifadhi za kumbukumbu, akaviunganisha pamoja na madoa yake yote. Msimulizi hayupo. Muziki ulitungwa na Aleksandra Vrebalov, mzaliwa wa Serbia, nchi iliyotangaziwa vita na Austria-Hungaria tarehe 28 Julai 1914. Katika onyesho la kwanza, mjini Berkeley, Aprili 2014, kundi la Kronos Quartet lilipiga muziki huo papo hapo mbele ya watazamaji: fidla mbili, viola, na chelo ya Sunny Yang.

Chelo ni ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti, na sauti yake haiko mbali na ya mwanamume anenaye kwa uzito. Pazia linaonyesha askari wakifanya mazoezi, wakiingia mahandakini. Mara uozo unafunika nyuso zao kama moshi. Muziki hauwaelezi ni akina nani. Unakaa nao tu.

Wapo wanaopinga, nao wana hoja. Mwaka 2018 Peter Jackson wa New Zealand alisafisha mikanda ya vita hiyo hiyo na kuitia rangi, hata askari wakaonekana kama wa jana. Kwa kufundishia kuruta, mimi ningechagua ya Jackson. Lakini ya Morrison haifichi kilichopotea. Na wapagazi wetu wa Afrika Mashariki, waliokufa kwa makumi ya maelfu, ni wangapi waliopata hata doa katika mkanda?

Chelo yenyewe si mgeni vitani. Mwaka 1915 askari wa Kifaransa Maurice Maréchal alitengenezewa chelo kwa mbao za masanduku ya risasi. Majenerali, akiwamo Foch, waliandika majina yao juu yake, na leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la muziki mjini Paris. Maseremala wawili walioiunda, askari wenzake, hawakurudi kutoka vitani.