"Mbinu Mseto" na "Kisa": Istilahi Mbili za Uchumi-Siasa Linganishi

Mwandishi wa tasnifu ya uchumi-siasa linganishi hupima jinsi dola mbalimbali zinavyotoza kodi, zinavyogawa ardhi au zinavyoendesha biashara. Mara nyingi hutumia njia mbili pamoja: ya kiidadi, inayopima nchi nyingi kwa takwimu, na ya kimaelezo, inayozama katika historia ya nchi chache kwa nyaraka na mahojiano. Ushirikiano huo unahitaji jina.

Baadhi ya wafasiri husema "mbinu mchanganyiko". Neno hilo si kosa, ila maji na maziwa yakichanganyika hayatambulikani tena. Twapendekeza "mbinu mseto". Katika mseto wa mchele na choroko kila punje huonekana, nacho chakula ni kimoja. Vivyo hivyo katika serikali ya mseto vyama havifi.

Tuchukue mfano. Katika kitabu chake cha mwaka 2003, Evan Lieberman alichunguza kwa nini Afrika Kusini ilifaulu kuliko Brazili kuwatoza matajiri kodi ya mapato. Aliunganisha takwimu za nchi nyingi na historia ya nchi hizo mbili. Historia ilimfikisha kwenye katiba: sheria ya 1909 iliyounda Muungano wa Afrika Kusini ilibagua watu kwa rangi, ilhali katiba ya Brazili ya 1891 ilitilia mkazo majimbo. Kwa hoja yake, matajiri Weupe wa Afrika Kusini walikubali kuwachangia Weupe maskini kwa kuwa waliwahesabu wenzao. Wale wa Brazili waligawanyika kimajimbo.

Mwaka 2005 Lieberman alifafanua utaratibu ambao twaweza kuuita "uchambuzi pachikwa". Mtafiti huanza na takwimu. Zikiafikiana na nadharia, huchagua nchi zilizo karibu na mstari wa makadirio ili aijaribu zaidi. Zisipoafikiana nayo, huchunguza pia nchi iliyo mbali na mstari, apate kuunda nadharia mpya.

Hapa ndipo istilahi ya pili inapohitaji uangalifu. Nchi iliyochaguliwa hivyo isiitwe "kesi", maana msomaji atafikiri mahakama. Wala isiitwe "mfano" tu. Mfano huifafanua hoja iliyokwisha kuthibitishwa. Kisa huipima, na huweza kuiangusha. Ofisa asomaye ripoti ya kodi akiambiwa kwamba historia ya nchi fulani ni mfano, ataipita na kushika jedwali peke yake. Kumbe nusu ya ushahidi imo humo. Kwa hiyo twapendekeza "kisa".

Wasomaji wenye istilahi bora wanaombwa watuletee, pamoja na sentensi zinazoonyesha matumizi yake. Istilahi isiyoweza kukaa ndani ya sentensi haijawa istilahi bado.