Fahamu: Mtungi wa maji na nafasi yake makumbushoni

Mtungi ni chombo cha udongo cha kutekea na kuhifadhi maji. Mjadala kuhusu mali za kale za Tanzania zilizoko Ulaya ulipata nguvu baada ya Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, kuomba msamaha kwa uovu wa ukoloni wa Kijerumani katika Makumbusho ya Majimaji, Songea, Novemba 1, 2023. Makumbusho ya Berlin yana takriban vitu 10,000 kutoka Tanzania. Mafuvu na silaha hutajwa zaidi, lakini vyombo vya nyumbani kama mtungi navyo vinastahili kuulizwa habari zake.

Mtungi unapozaje maji?

Udongo uliochomwa kwa moto wa kuni hubaki na vitundu vidogo mno. Maji hupenya hadi nje, hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Yaliyobaki ndani hupoa. Ndiyo maana mtungi uliopakwa rangi ya mafuta, hata ukipendeza, haupozi tena maji.

Mapambo

Wafinyanzi, wengi wao wanawake, huchora nakshi udongo ukiwa bado mbichi. Wakisi wa Ziwa Nyasa husugua vyungu vyao hadi ving'ae. Kwa kulinganisha, Wagiriki wa kale walikuwa na haidria (mtungi wa maji), yenye mikono miwili ya kuinulia na mmoja wa kumiminia, mara nyingi ikiwa na picha za miungu na mashujaa. Mtungi wetu hukaa kichwani juu ya ngata.

Kinachokosekana

Kumbukumbu za enzi ya ukoloni kwa kawaida zilimtaja aliyekusanya chombo, mara chache sana aliyekifinyanga.