Kabla ya kumwita maibobo

Ibada za asubuhi zikiisha siku ya Jumapili, barabara za Katindo, mtaa wa Goma, hujaa vitenge vilivyopigwa pasi na Biblia zilizokumbatiwa kifuani. Pembeni, kwenye vumbi jeusi la lava, mtoto mwenye gunia mgongoni anaokota chupa za plastiki. Mama mmoja anauhamishia mkoba bega la pili. Mwingine anamvuta mwanawe karibu. Hakuna aliyetukana. Limetoka neno moja tu, tena chini chini: maibobo.

Goma nzima inalijua. Maibobo ni mtoto wa barabarani, lakini hukumu imo ndani ya neno lenyewe: mwizi, mvuta gundi, mtoto aliyewashinda wazazi. Anayelitamka haulizi mtoto huyo katoka wapi. Angeuliza, mara nyingi angesimuliwa historia ya mji wake mwenyewe. Januari 2002 lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo ilipita katikati ya Goma. Mei 2021 mlima ukalipuka tena. Kuanzia mwisho wa 2021, vita vya waasi wa M23 viliwakimbiza watu wa Rutshuru na Masisi hadi kambi za pembezoni mwa mji, na mji ulipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, kambi hizo nazo zikavunjwa. Katika mbio kama hizo, mkono wa mtoto huponyoka kwa urahisi mkononi mwa mamaye.

Sheria ya Kongo ya kumlinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamweka mtoto aliyekataliwa na anayeombaomba katika kundi la wanaostahili ulinzi wa pekee. Humo humo yumo pia anayetuhumiwa uchawi. Barabarani, mtoto huyo huyo ni mshtakiwa.

Mkristo wa Goma hana haja ya kwenda mbali kutafuta aliyeenenda tofauti. Floribert Bwana Chui alizaliwa mjini hapa tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria, akapata kazi OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Kijana wa namna hiyo angeweza kupita na hamsini zake. Yeye, kupitia jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio iliyoanzishwa Roma mwaka 1968, aliwafuata maibobo na kukaa nao katika Shule ya Amani ya jumuiya hiyo.

Shule ina namna yake ya kubomoa hukumu. Mwalimu hawezi kuandika “maibobo” mara thelathini katika daftari la mahudhurio. Lazima aulize jina, umri, na nani alikuwa akimtunza. Akishajua hayo, mbele yake hakuna tena kundi la wezi. Kuna mtoto aliyelala na njaa.

Wapo wanaodhani huruma ni kulifumbia macho kosa. Floribert hakufumba. Mwaka 2007 alipewa hongo ili aruhusu vyakula vilivyoharibika viingie sokoni. Alikataa, kwa kuwa vingewadhuru walaji. Mwezi wa Julai alitekwa, akateswa, akauawa akiwa na miaka 26. Waliotaka mzigo ule upite hawakuwa watoto wa barabarani. Hapo maneno ya Yesu juu ya kibanzi na boriti, katika Mathayo sura ya 7, yanausogelea mji wenyewe: aliyenyakua ndizi sokoni hupigiwa kelele, na mwenye magunia ya sumu hufunguliwa geti.

Tarehe 15 Juni 2025 Floribert alitangazwa mwenyeheri, Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Papa Fransisko alikuwa amekwisha kumtaja mbele ya vijana wa Kongo mjini Kinshasa, Februari 2023.

Huku Goma, jina lake limepewa Shule ya Amani inayowapokea watoto waliokimbia vita. Mwalimu akifungua daftari, anaita mmoja mmoja, na kila mtoto anasubiri zamu yake aitike.